Kabla ya Kushika Probu: Ultrasaundi kwa Mwanamke Anayetokwa na Mkojo

Mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi na wakunga, wenzangu wa vyumba vya picha, na kina mama mliokuja na maswali yenu wenyewe, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie ultrasaundi katika kumchunguza mwanamke ambaye mkojo unamtoka bila kutaka. Nitaanza na neno ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa mtu anayekula kwa kupiga picha. Wanawake wengi wenye shida hii wanaweza kuanza matibabu yao ya kwanza bila kupigwa picha ya kibofu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa mwaka 2019, unasema hivyo waziwazi: katika uchunguzi wa kawaida, ultrasaundi itumike kupima mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, basi. Wapo wenzangu wanaoudhika wakisoma mstari huo. Mimi naona umetutendea haki. Umetulazimisha tujibu swali ambalo tulikuwa tunalikwepa: picha hii unaitaka ikuambie nini?

Maana picha haiwezi kukuambia kwamba mwanamke anatokwa na mkojo. Hilo analijua yeye. Mwaka 2002 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa tatizo hili, ICS, iliieleza hali hii kuwa ni malalamiko ya kutokwa na mkojo bila hiari, kiasi chochote kile. Tazameni walipoanzia: kwenye malalamiko, kwenye kinywa cha mwenyewe. Basi kabla ya jeli na kabla ya kuwasha mashine, kuna mazungumzo. Na mazungumzo haya yana aibu ndani yake. Mama atakuja kwa maumivu ya kiuno, atazungumza habari za kiuno, na akishafika mlangoni ndipo atasema, "Na halafu daktari, nikikohoa..." Ukimwacha aondoke hapo, umemkosa.

Muulize mkojo unatoka wakati gani. Akisema ni akikohoa, akicheka, akipiga chafya au akinyanyua mzigo, kuna uwezekano mkubwa mfumo wa kufunga mrija wa mkojo umelegea. Akisema anabanwa ghafla na haufikii mlango wa choo, hapo kibofu chenyewe kinajikamua bila kuombwa. Wengi watasema yote mawili. Na akisema mkojo unatiririka usiku na mchana bila kukoma, hasa baada ya uzazi mgumu au upasuaji wa viungo vya ndani ya nyonga, acha habari za shingo ya kibofu kwanza, yaani pale kibofu kinapoungana na mrija wa mkojo, mtafutie fistula, tundu linalopitisha mkojo kutoka kibofuni hadi ukeni. Kisha pima mkojo wake kama una maambukizi, na mpe karatasi aandike kwa siku tatu angalau: amekunywa nini, amekojoa saa ngapi na kiasi gani, umemtoka lini. Karatasi hiyo haina mng'aro wa skrini, lakini imenisaidia kuelewa wagonjwa kuliko picha nyingi nilizopiga.

Sasa tuingie kwenye mashine.

Kazi ya kwanza ya ultrasaundi, ambayo hakuna anayeibishia, ni kupima mkojo uliobaki. Mama anakwenda chooni, anakojoa kwa utulivu, anarudi mara moja na unampima. Unaweka probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa mwili, juu ya kinena, unapima urefu, upana na kina cha kibofu kwa sentimita, unazidisha namba hizo tatu, halafu unazidisha tena kwa 0.52. Kibofu chenye sentimita 6 kwa 5 kwa 4 kina mililita zipatazo 62. Hesabu hii si kamilifu kwa sababu kibofu si yai, lakini inatosha kwa uamuzi. Zamani tungempitishia katheta, mpira mwembamba wa kutoa mkojo, ili kujua jambo hilihili, na katheta inauma, inaaibisha, na inaweza kuingiza vijidudu. Kwa nini namba hii ni muhimu? Kwa sababu yupo mwanamke ambaye mkojo unamtoka kwa kuwa kibofu chake hakimaliziki. Kimejaa hadi kinamwagika. Ukimpa huyo dawa ya kutuliza kibofu bila kumpima, unaweza kumfungia mkojo kabisa. Kwa hiyo mama anayesema mkojo unatoka kwa shida, anahisi haujaisha, au anapata maambukizi ya mara kwa mara, asitoke chumbani bila kipimo hiki.

Ukiwa hapohapo juu ya kinena, angalia na mengine. Jiwe ndani ya kibofu, uvimbe kwenye ukuta wake, fibroidi kubwa ya mfuko wa uzazi inayokikandamiza kwa juu: yote haya hujitokeza bila gharama ya ziada, na yote hubadilisha safari ya mgonjwa.

Kazi ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Nayo ni kutazama kwa chini, kupitia msamba. Wengi mkisikia hivyo mnadhani inahitajika mashine ya bei mbaya. La. Probu ileile iliyojipinda ambayo inapima mimba tumboni ndiyo inayotumika. Unaivika glovu au kifuniko safi, unapaka jeli ndani na nje, na unaigusisha nje, kati ya midomo ya uke. Haiingii ndani. Narudia kwa ajili ya kina mama: haiingii ndani. Msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume anaweza kupimwa hivi, na mama mkongwe ambaye uke wake umekauka na unauma anaweza pia. Hakuna mionzi. Kabla ya hapo, miaka mingi iliyopita, waliotaka kuona shingo ya kibofu walijaza dawa ya rangi kibofuni kwa katheta, wakati mwingine wakapitisha na mnyororo mwembamba wa chuma kwenye mrija wa mkojo, halafu wakapiga eksirei huku mwanamke akisukuma. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao za kwanza za ultrasaundi ya tumbo mwaka 1958, sidhani kama walifikiria mnyororo ule. Lakini wao ndio walioanza kuung'oa.

Kwenye skrini, upande mmoja unaona kiungo cha mfupa wa kinena. Nyuma yake unashuka mrija wa mkojo, ambao huonekana mweusi, halafu kibofu, uke, na nyuma kabisa puru na njia ya haja kubwa pamoja na msuli unaoizunguka kwa nyuma. Wataalamu hawakubaliani picha igeuzwe upande gani, kwa hiyo andika juu ya picha yako mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ukiacha, mwenzako atasoma kinyume.

Halafu unamwomba mama asukume, kama anayesukuma mtoto au haja kubwa. Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa ndipo tunapoharibu. Kosa la kwanza ni kukandamiza probu. Kibofu kinataka kushuka, wewe umekizuia kwa mkono wako, unaandika "haishuki". Kosa la pili ni kutompa muda. Msukumo wa kufumba na kufumbua hautoshi. Ashikilie sekunde sita au zaidi, arudie mara kadhaa, nawe uchukue ule uliokuwa mzuri zaidi. La tatu halitokani na wewe: mama anaogopa mkojo usimtoke mbele yako, kwa hiyo anaposukuma kwa tumbo anabana kwa chini. Skrini itakuonyesha msuli wa nyuma unakuja mbele badala ya kulegea. Usimkaripie. Mwambie kwamba shuka limewekwa kwa ajili hiyo, na kwamba mkojo ukitoka ndiyo umekusaidia kuona. Geuza skrini aione mwenyewe. Mara nyingi akiona anachofanya, anaachia. Na kibofu kiwe kimejaa kiasi gani? Kibofu kilichojaa sana hakichezi, kwa hiyo apimwe baada ya kukojoa, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Tunapima nini? Tunachora mstari kwenye ukingo wa chini wa kiungo cha mfupa wa kinena, tunapima shingo ya kibofu iko wapi mama akiwa ametulia, halafu iko wapi anaposukuma. Tofauti ya namba hizo ndiyo kushuka kwa shingo ya kibofu. Tunaangalia pia kama mrija umezunguka, kama pembe kati ya mrija na sakafu ya kibofu imefunguka hadi nyuzi 140 au zaidi, na kama mdomo wa ndani wa mrija umetanuka kama faneli.

John DeLancey, daktari wa Marekani, mwaka 1994 alieleza kwa nini haya yana maana. Mpira wa kumwagilia bustani ukiukanyaga juu ya sakafu ngumu, maji yanakatika. Ukiukanyaga ukiwa juu ya tope, unadidimia na maji yanaendelea kupita. Mrija wa mkojo umelala juu ya ukuta wa uke na misuli inayoushikilia. Mama anapokohoa, shinikizo la tumbo linaukanyaga mrija. Kama chini yake pako imara, unafunga. Kama pamelegea, unadidimia. Kwenye ultrasaundi unaona kudidimia kule kwa macho yako, kikohozi kwa kikohozi.

Vijana wangu wa vyumba vya picha, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Mtaniuliza, milimita ngapi ndiyo ugonjwa? Wapo wanaosema 15, wapo wanaosema 20, wapo wanaosema 25. Hakuna mpaka mmoja uliokubaliwa na wote. Hans Peter Dietz wa Sydney, ambaye amefanya kazi kubwa kuliko wengi katika uwanja huu, alipowapima pamoja na wenzake wasichana ambao hawajawahi kushika mimba na wasiotokwa na mkojo wakikohoa, alikuta kushuka kwa shingo ya kibofu kunaanzia kama milimita 1 hadi karibu milimita 40. Wasichana wazima hao! Kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti "milimita 28, mgonjwa ana tatizo la kuzuia mkojo", umesema jambo ambalo picha haikukuambia. Andika kwamba shingo ya kibofu inashuka milimita 28, na uishie hapo. Kama kuna tatizo, mama ameshasema.

Basi namba hizo zina faida gani? Nitoe mfano ambao kwangu ndio unaolipa gharama ya kipimo. Wanawake wawili wanakuja na kibofu kilichoshuka ukeni. Ukiwachunguza kwa jicho na kwa mkono, wanafanana. Kwenye skrini wanatofautiana. Wa kwanza, pembe ya nyuma ya mrija imefunguka na mrija umezunguka: huyu mara nyingi ndiye anayetokwa na mkojo akikohoa. Wa pili, pembe imebaki kama ilivyo, kibofu ndicho kimeshuka na kuning'inia chini ya shingo yake: huyu aghalabu halalamiki kuvuja, analalamika kwamba mkojo hautoki vizuri. Tena pale mrija unapokunjwa na kibofu kilichoshuka, unaweza kuwa umeficha udhaifu wake. Daktari wa upasuaji akikirudisha kibofu juu, mama anaamka akiwa hana uvimbe, lakini sasa mkojo unamtoka, na anadhani ameharibiwa. Kumweleza jambo hilo kabla ya upasuaji na kumweleza baada ya upasuaji ni mambo mawili tofauti kabisa, na ninyi wauguzi mnalijua hilo kuliko mimi.

Kibofu kinachojikamua chenyewe hakionekani kirahisi hivyo. Kuna kisa cha kutufundisha adabu hapa. Miaka ya 1990 madaktari walipendekeza kwamba kibofu kinachojikamua ovyo hunenepesha ukuta wake, kama msuli wowote unaofanyishwa kazi, na kwamba ukuta uliozidi wastani wa milimita 5 unaweza kutupa jibu bila kumpitishia mwanamke mirija ya kupima mgandamizo. Wazo zuri, la huruma, na lilisambaa. Halafu likafanyika jaribio kubwa Uingereza, kwa wanawake zaidi ya 600, likachapishwa mwaka 2016. Unene wa ukuta haukuweza kutenganisha wenye tatizo na wasio nalo kwa kiwango cha kutegemewa. Bado naona ripoti zinazoandika "ukuta milimita 6, kibofu kinajikamua". Tuache.

Nije kwa jambo ninalolipenda. Mwaka 1948 Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Mpaka leo hayo ndiyo matibabu ya kwanza kwa anayetokwa na mkojo akikohoa: kubana misuli angalau mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu chini ya uangalizi wa mtu anayejua. Shida ni kwamba tunamwambia mama "bana" halafu tunamwacha aende. Abane nini? Wengi hubana makalio, wengine hukaza mapaja, wengine husukuma chini, yaani wanafanya kinyume na kuzidisha kilichokuwa kinawasumbua. Weka probu, geuza skrini, mwambie abane kama anayezuia upepo usitoke. Akibana sawasawa, utaona msuli wa nyuma unakuja mbele na shingo ya kibofu inapanda. Ataona pia. Sijui kifaa kingine kinachomwonyesha mtu msuli wake uliofichika kwa urahisi huu. Na kwa asiyetaka kuguswa chini, weka probu juu ya kinena huku kibofu kikiwa na mkojo kiasi, utaona sakafu ya kibofu inainuka anapobana na inashuka anapokosea. Akishaupata, mfundishe kubana sekunde moja kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu. Jambo hili dogo huwapunguzia baadhi ya wanawake kuvuja hata kabla misuli haijapata nguvu.

Wakunga wameniuliza kuhusu misuli inayochanika wakati wa kuzaa. Ndiyo, ultrasaundi ya pande tatu inaweza kuonyesha msuli wa sakafu ya nyonga uliong'oka kwenye mfupa, na hatari yake huongezeka mtoto anapovutwa kwa koleo la kuzalishia. Lakini kung'oka huko kunahusiana zaidi na kushuka kwa viungo kuliko na mkojo. Msiwatishe wazazi kwa jambo ambalo haliwahusu.

Wapo waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kuwekewa utepe chini ya mrija wa mkojo ili kuushikilia. Utepe huo wa nyuzi za plastiki ulianza kutumiwa na Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake miaka ya 1990, ukaenea dunia nzima, ukawasaidia wengi, na ukawaumiza wengine kiasi kwamba mwaka 2018 Uingereza iliuwekea zuio. Mama mwenye utepe akija na mkojo usiotoka, au maumivu, au kuvuja kulikorudi, hapa ultrasaundi haina mpinzani. Eksirei haiuoni utepe, hata picha ya MRI inahangaika. Kwenye ultrasaundi unang'aa kama mstari mweupe nyuma ya mrija. Utaona uko katikati ya mrija au umehamia kwenye shingo ya kibofu, umeubana mno mrija kuelekea mfupa au umeachana nao, umekatwa au bado mzima. Mara nyingine mama hajui hata aliwekewa nini, na karatasi za hospitali zimepotea. Skrini itamjibu. Msimwondoe utepe mtu kabla ya kuutazama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na ripoti, kwa sababu daktari aliyemtuma mgonjwa hatakuwepo chumbani, ataona karatasi tu. Andika swali uliloulizwa. Andika kibofu kilikuwa na mkojo kiasi gani na kilibaki na kiasi gani. Andika shingo ya kibofu ilikuwa wapi akiwa ametulia na wapi akisukuma, alisukuma vizuri au alikuwa anabana, pembe, faneli kama ipo, kama mkojo ulionekana ukitoka alipokohoa, na akiambiwa abane msuli ulienda wapi. Kama kuna uvimbe kando ya mrija, sema uko wapi na ukubwa wake, maana kifuko cha mrija wa mkojo kinaweza kuhifadhi mkojo na kuutoa mama akishasimama, naye akatibiwa miaka kama mwenye misuli dhaifu. Usiandike utambuzi wa ugonjwa ambao hukuuona.

Probu ipo mezani pale, na wenzangu watawaonyesha jinsi ya kuivika. Kina mama wenye maswali ya faragha, muuguzi yupo chumba cha nyuma na hatamwita mtu kwa jina.